Jalada la Kijani

Wiebren Hoekema aliingia maktaba ya Leeuwarden
na barua ndani ya mfuko wa mkate
isije ikalowa.
Februari kumi na nne; mvua ilikuwa ikijaribu kuwa theluji.

Barua ilikuwa ya mistari minne.
Wa kwanza ulimwita Mpendwa.
Wa nne ulimkatia ruzuku ya kodi ya nyumba.
Katikati hapakuwa na mtu.

"Nimepiga simu," alimwambia Tjitske wa dawati la pili.
"Nikauliza nani kaamua. Wakasema mfumo.
Nikauliza mkubwa wa mfumo ni nani. Wakasema mfumo.
Nikakata, kama mtu anayefunga zizi
ng'ombe wakiwa wameshafika barabarani."

Tjitske hakusomea sheria. Alisomea ramani za kale,
na saa ya chakula hufuma soksi.
Ila tangu manispaa iamriwe kuanika
kila akili bandia inayopima wakazi,
vitabu vya bustani vimehamishwa rafu
na majalada yamekaa mahali pake:
la taa za barabarani,
la kukisia mtoto yupi ataacha shule,
la kuhesabu bata mferejini.
La bata ndilo nene kuliko yote.

La ruzuku ni la kijani.
Nalijua. Niliandika mimi.

Nilikuwa meza ya tatu, koti bado mwilini,
nimekuja kuona kama kuna aliyewahi kulifungua.
Miaka miwili. Kadi ya wasomaji ilikuwa nyeupe
kama sahani ya mgeni asiyekuja.

Wakati ule niliagizwa: lugha nyepesi, kurasa zisizidi arobaini.
Wahandisi walinipa jedwali, nikalivalisha sentensi.
Nilibishana siku nzima juu ya koma.
Juu ya kigezo cha tisa sikubishana.

Ukurasa wa kumi na saba. Tjitske alimsomea polepole:
"Aliyehama mara tatu au zaidi katika miaka mitano.
Uzito: mkubwa."

Wiebren akahesabu kwa vidole vinene vya mkamuaji.
Kutoka shambani, lilipopigwa mnada, kwenda kwa dada yake,
hadi shemeji alipoanza kuficha jibini.
Kutoka kwa dada kwenda chumba cha juu kwa fundi baiskeli,
kwa kuwa dirisha lake lilitazamana na wodi ya Aafke.
Na Aafke alipokwisha kuzikwa, kuja hapa alipo.

"Tatu," akasema.
"Kumbe kosa langu ni kumfuata mke."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali.

Husemwa sheria ni msumeno.
Sawa. Ila mimi nilikuwepo ulipokuwa ukinolewa,
nimeshika tochi,
nikijiambia mshika tochi hakati mti.

Ukurasa wa thelathini na nane,
kwa herufi ndogo (mkurugenzi alizitaka ndogo),
kuna haki: mkazi aweza kudai
uamuzi wake upitiwe na binadamu
ndani ya wiki sita tangu tarehe ya barua.
Tjitske alikuwa kwenye wa ishirini, anatafuta miwani.
Nikachungulia kupitia nailoni ya mfuko.
Tarehe tano Januari.
Zilibaki siku mbili.

Nikasimama. Kiti kikapiga kelele sakafuni.
"Fungua thelathini na nane."

Akanigeukia. "Wewe nani?"

Nilikuwa na majibu kadhaa mazuri.
"Rinske. Hiki niliandika mimi."

Alinyamaza, hata nikasikia sanduku la marejesho
likimeza kitabu cha mtu aliye nje, mvuani.
Kisha akanisukumia kiti kwa mguu, bila upole wowote,
akaigeuza barua upande wake mtupu.

"Basi kaa," akasema. "Kalamu unayo?"