Daftari la Muuguzi wa Shule

Januari nane, Jumatatu, saa tatu na robo.
Tymon, darasa la tatu. Tumbo.
Joto la mwili: kawaida. Ulimi: safi.
Nilimbonyeza kushoto, akasema hapo,
nikambonyeza kulia, hapo pia,
kama mtu anayepapasa swichi gizani
katika nyumba aliyohamia jana.

Nikampa chai ya mnanaa na blanketi.
Nje, theluji ya Łomża ilikuwa imeshachakaa.

Januari ishirini na tisa: tumbo.
Februari kumi na tisa: tumbo, kichwa, ametapika mara moja.
Daktari akampima damu, mkojo, choo,
akaandika kwa mkono wa haraka: hana kitu.
Mwalimu wa hesabu akalitia neno chumvi:
anasingizia, kuna jaribio.

Hana kitu.
Nililitafuna neno hilo njia nzima hadi nyumbani.
Asiye na kitu hatoki jasho viganjani.
Asiye na kitu hajikunji vile,
kama jani la kabichi lililochovywa maji ya moto.

Machi kumi na moja alipobisha tena
nilirudi nyuma kwenye daftari, nikahesabu siku kwa kidole.
Ishirini na moja. Ishirini na moja. Ishirini na moja.
"Nani huja kwenu kila wiki ya tatu?"
Akatazama buti zake.
"Baba. Lakini haji. Huondoka."

Jumapili, saa nne usiku, kituo nyuma ya kanisa.
Huko Rotterdam baba huchuma nyanya
ndani ya nyumba za kioo zisizozimwa taa.
Tymon hubeba begi dogo mpaka ngazi ya basi.
Halii.
"Nikilia, baba halali njiani."
"Na asubuhi?"
"Asubuhi linauma."

Sina dawa ya hilo kabatini. Nina bandeji,
spiriti, kipimajoto, pedi za wasichana wa darasa la saba.
Nikamwambia: mara hii, lia.
Lia pale pale kwenye ngazi, dereva asubiri.
Baba atalala tu wakishapita Poznań.

Hakunijibu. Alikunywa chai yote, hata majani.

Kwenye safu ya ugonjwa kalamu yangu ilisita.
Kisha nikaandika neno moja:
basi.

Mkaguzi akija atadhani nilichoka.