Chafya

Daktari wa moyo alinionyesha karatasi yenye vilima vyake,
akasema: Moyo wako, Vazha, hauna neno.
Nikashuka ngazi za hospitali,
na hilo "hauna neno" limenikalia kifuani kama jiwe la kusagia.

Miaka mitatu.
Nilijifunza kulala chali tu, kama maiti aliyekwisha oshwa.
Nilijifunza kucheka kwa midomo.
Mjukuu akija mbio nilimpa bega,
na chafya niliiogopa kuliko deni:
nikiisikia inatambaa puani nilijikumbatia,
na bado ilinipasua ubavu kwa ubavu.

Kutaisi wananijua kwa mkate.
Mwaka wa thelathini huu nainamia tanuri,
kiuno juu, kichwa chini kwenye joto,
mkono wa kulia ukibandika donge, ukibandua mkate,
wa kulia, daima wa kulia.
Sikumwambia mtu. Mtunza siri husifiwa kuwa ana kifua.
Nilikuwa nacho, na ndicho kilichoniuma.

Nestani ana mikono midogo na hana haraka.
Alipita mfupa kwa mfupa kwa kidole gumba,
kama anayetafuta swichi gizani,
hadi pale ubavu wa nne unaposhikana na kidari.
"Hapa?"
Nililia, wala si kwa maumivu.
Kumbe ni mahali,
mahali panapofunikwa na sarafu moja.

"Mbele ndiko kunakolia," akasema, "lakini kufuli liko mgongoni."
Mipira miwili ya tenisi ndani ya soksi ya Eteri, niilalie sakafuni.
Fremu ya mlango: kiwiko juu, hatua moja, hesabu thelathini.
Kisha kupumua. Mimi, babu wa watu, nafundishwa kupumua!
"Hewa iende mbavuni, si mabegani.
Umuka, Vazha. Hilo unalijua."

Februari kikohozi kikanirudisha mwanzo.
Soksi niliitupa chini ya kitanda, siku nne.
Eteri hakusema kitu. Aliitoa, akaifua,
akaianika dirishani na mipira yake ndani,
ikaning'inia pale, mtaa mzima ukiiona.

Nikaanza tena.
Aprili, Nestani aliniruhusu mikate sita.
Nilibandika saba. Niliumwa kwa ule wa saba.
Nikaufundisha mkono wa kushoto;
mikate yake hutoka imepinda,
wateja huinunua kwa huruma,
nami huipokea huruma, lari moja moja.

Leo alfajiri Tsotne amekung'uta gunia karibu yangu.
Vumbi la unga likapaa. Nikapiga chafya.
Nikaendelea kukanda.
Ilipita dakika, labda mbili,
ndipo nikaitazama mikono yangu:
yote miwili imo ndani ya donge,
imezama hadi vifundoni,
hakuna uliokimbilia kifua.