Deni Anaijua Njia

Gambuti ni za Keverenge, namba kumi.
Nimezijaza magazeti ya mwaka jana puani
na bado zinapwaya, zinapiga kofi kila hatua.
Mbwa ni wake pia.
Tangu Novemba, tulipomzika, hajavuka lango.

Masika yameingia usiku bila hodi,
yakapiga mabati hadi sala ikanipotea katikati.
Asubuhi hii ardhi inafuka kama sufuria iliyofunuliwa,
na Deni amesimama mlangoni
akinitazama kama karani wa benki.
Haya basi. Twende.

Jina hilo ni ukorofi wa mume wangu.
Amugune alikopa mia nane, akashindwa kulipa,
akaleta kijibwa ndani ya tenga la kuku.
Keverenge akakiita Deni, ili kila jioni akikiita kile
sauti ivuke kijito, imwingie Amugune mezani:
"Deni! Deni wee! Rudi nyumbani!"
Miaka tisa.
Nami nikamnunia Amugune miaka tisa,
kanisani nikakaa benchi la mbali,
sokoni Mbale nikanunua nyanya mbovu kwa wengine
kuliko nzuri kwa mkewe.

Tunashuka. Udongo mwekundu unang'ang'ania soli.
Kumbikumbi wameacha mbawa kila mahali,
zimegandia matopeni, harusi imekwisha.
Watoto wa Kageha wamefunika kichuguu kwa blanketi,
wanapiga debe ili waliobaki chini
wadhani mvua imerudi.
Deni anadaka wawili hewani, kap, kap,
anaendelea kama hakuiba kitu.

Maharagwe yametoa shingo,
bado yamevaa maganda kichwani.
Mawe makubwa ya Maragoli yameoga,
migongo inang'aa kama ng'ombe waliolala.
Kila kigingi cha ua Deni anakisoma
kama barua aliyocheleweshewa posta.

Nilitaka tuishie daraja la Edzava.
Hakutaka. Akakata kulia, kwenye kijia cha mapera
nisichokijua,
au nikijuacho kwa kutokipita.
Kijitoni, jiwe la tatu linacheza: yeye aliliruka.
Mimi sikuliruka.
Gambuti ya kushoto ikanywa maji ikashiba.

Tukatokea nyuma ya jiko la watu.
Chini ya ghala, vigoda viwili.
Deni akajilaza chini ya kimoja,
kidevu juu ya miguu, kama mtu aliyefika kazini.

Amugune akatoka na ukoko kwenye sahani ya bati.
"Umechelewa," akamwambia mbwa. "Miezi mitano."
Kisha akaziona gambuti.
Akapandisha macho polepole, polepole,
na palipotakiwa uso wa Keverenge
palikuwa na mimi.

"Kila Alhamisi," akasema,
"ukienda mkutano wa akina mama."

Na lile jina? Zile kelele za jioni?

"Ah. Ndiyo ilikuwa ishara. Akiita mara mbili, kesho anakuja."

Nikatafuta hasira yangu ya miaka tisa,
niliyoitunza vizuri kuliko vyombo vya wageni.
Nilikuwa nimeiacha wapi?
Kwenye ubao, katikati ya vigoda,
vifuniko vya soda vilisimama vilivyoachwa,
vyekundu vitano, vya njano saba.
Kuku alikuwa amezuiwa kwa kapu asivipindue.

"Zamu ni yake," akasema Amugune.

Sijui drafti.
Nikakaa, nikasukuma chekundu kimoja mbele.
Akakitazama muda mrefu,
matone yakaanza tena kwenye migomba,
kisha akasema, "Hata yeye angekosea hapo hapo,"
akageuka kumpa mbwa ukoko uliokuwa umekwisha.

Nikavua gambuti ya kushoto, nikamwaga kijito.
Magazeti yakatoka yamelowa,
na habari zake zote.