Kibao cha Arobaini na Saba

Niliipata Msalato, Jumamosi ya mnada,
kati ya pasi ya mkaa na redio isiyo na mgongo.
Chedego, kijana anayeuza vyuma,
alidhani ni mizani.
"Elfu nne." Nikampa tatu na mia tano
na nusu ya mshikaki wangu.

Saa ya vibao. Rangi ya chungwa iliyopigwa na jua,
mgongoni mtu ameandika kwa rangi ya kucha: MAPOKEZI.
Mapokezi ya wapi, haijasema.

Ni ya kumi na moja. Ndahani anazihesabu
kama mtu anavyohesabu deni la mwenzake.
"Simu yako haina saa?"
Inayo. Haina kuanguka.
Haina ile *ta* ya karata
inayotupwa mezani na mtu mwenye uhakika.

Nikaifungua juu ya khanga kuukuu.
Vumbi la Dodoma limeingia mpaka kwenye ekseli,
jekundu, laini, kama limealikwa.
Brashi ya poda. Tone la mafuta ya cherehani
(si ya alizeti: nilishajaribu, gia zikawa gundi).
Chini pameandikwa sitini, na umeme wetu ni hamsini;
ukiiacha hivyo, kila saa inachelewa dakika kumi,
inatembea kama mgeni anayesoma vibao vya maduka.
Nikaitoa gia ya ile ya kijani, iliyokufa mwaka juzi.
Nilimwomba radhi marehemu.

Mama alisoma saa ya mishale kwa kuvuka ng'ambo:
mshale uko saba, yeye anasema moja, wala hakosei.
Hii haina ng'ambo. Inasema 7 na kunyamaza,
ile sita uitoe mwenyewe kichwani.

Umeme ukikatika, zote kumi zinasimama pamoja
na nyumba inasikika upya: bomba, mende, pumzi ya Ndahani.
Mama Nyemo wa barafu anagonga dirisha:
"Ulikatika saa ngapi?"
Nasoma ukutani. Nane na kumi na tisa.
Anahesabu vidoleni barafu zake zimelia muda gani.
Ukirudi, zote zinaendelea palepale zilipoachia,
zimekosea kwa sauti moja, kama kwaya.

Lakini hii ya chungwa ilikuwa na pengo.
Arobaini na sita, *ta*,
halafu kitu kisicho na jina:
kichwa cha nane juu ya mguu wa saba,
dakika mbili nzima kimesimama hivyo, bila haya,
hadi arobaini na tisa ije kukifukuza.
Kibao kimoja kimepotea. Kimoja tu.
Saa mbili kasoro kumi na tatu:
sisi muda tunautaja kwa kasoro yake,
na hii kasoro haikuwepo.

Nikakata kifuniko cha kopo la siagi,
nikakipaka weusi mara tatu.
Watu hawajui: kibao kimoja hubeba nusu za dakika mbili.
Mbele, kichwa cha arobaini na saba.
Nyuma, miguu ya arobaini na nane.
Nikaandika kwa unywele mmoja wa brashi
na ile dawa nyeupe ya kufutia makosa ofisini.
Saba yangu ililala kidogo kulia,
kama mwalimu Mgonela alivyoikataa darasa la pili.
Nikaiacha ilale.

Asubuhi Ndahani amevaa kiatu kimoja,
gari la Mtumba limeshapiga honi.
Arobaini na tano. Arobaini na sita.
*Ta.*
"Imepinda," akasema.
"Ndiyo."
Honi tena. Hakutoka.
Akasogea na chai yake karibu na kioo.
"Hicho ni kichwa," akasema.
Tukangoja miguu.