Jumapili ya Mikoko

Ijumaa nilikuwa Echati:
mtandio, ubani, mkate wa ufuta kwa shangazi Moinaecha,
Upanga, ghorofa ya tatu, ngazi zinanuka karafuu na paka.
Jua likikaribia kuzama navuka daraja,
nawa Nakijwa:
Sabato inaingia, jiko limezimwa,
mama anafungua kitabu cha nyimbo
alichokivika jalada la gazeti.

Jumapili haikuwa na mwenyewe.
Nilishuka nyuma ya nyumba za Hananasif
pale Msimbazi unapochoka kuwa mto
na bahari bado haijakubali kuupokea.
Mikoko imesimama topeni, magoti nje,
kama watu walioaga tangu saa nne
na hawajaondoka.
Chupa. Kandambili moja, ya kushoto.
Kaa mwenye gando moja kubwa akanipungia,
nami, kwa adabu, nikampungia.

Mwalimu Kisesa wa baiolojia alisema
mbegu ya mkoko haisubiri ardhi.
Huota ingali juu, imeng'ang'ania titi la mama,
ikarefuka kama penseli ya kijani,
halafu siku moja, chubwi.
Niliandika *chubwi* kwenye mtihani.
Akanikata alama moja.

Mama alifariki mvua za vuli zikianza.
Tulimpeleka Suji, tukamlaza kwenye mteremko
mkali hata jeneza lilitaka kurudi.
Tuliporudi mjini wakakaa kikao chumbani kwake,
chai ikipoa, mimi mlangoni na sinia.

Mjomba Eliapenda akakohoa:
"Kwetu Upareni mtoto ni wa baba.
Tusije tukawadhulumu wenzetu."

Shangazi akatua kikombe polepole:
"Kwetu Ngazija nyumba ni ya mama, mtoto ni wa mama.
Tukimchukua, tumeiba."

Sijaona tena watu waungwana namna ile.
Walinisukumiana kama tonge la mwisho la pilau
ambalo kila mgeni anaona haya kulimaliza.
Baba alikuwa melini,
mahali ambapo simu huita na kuita.

"Damu nzito kuliko maji," mtu akasema,
sikumbuki wa upande gani.
Nikatoka kwenda kuyatazama hayo maji.

Yalikuwa yamefura.
Mvua ya Pugu imeteremka na mali za watu:
godoro, beseni, mlango mzima
kufuli lake bado limefungwa.
Na katikati ya uchafu ule, mbegu za mkoko,
nyingi, zimelala ubavu, zinazunguka.
Chache zilikwisha kunywa za kutosha,
zimesimama wima, ncha chini,
zinapapasa.
Sikusikia hata moja ikiuliza tope la nani.

Nililamba jani la mchu. Chumvi tupu.
Mti unakunywa maji yale yale ya wote,
kisha usichokihitaji unakitolea jasho majanini,
taratibu,
bila kikao.

Nilirudi miguu imejaa tope hadi magotini.
Mazungumzo yakakatika.
Nikawaambia nitalala hapa hapa mpaka kodi iishe.
Wakatazamana, kwa mara ya kwanza
sura zao zikafanana:
aibu, na chini ya aibu, ahueni.
Mjomba akaacha elfu hamsini chini ya redio.
Shangazi akaacha sufuria, na kila Ijumaa
akatuma mtu kuja kuliulizia,
sufuria, si mimi,
lakini lilikuwa likirudi kwake tupu
na kuja kwangu limejaa.

Mbegu niliyookota niliichomeka
kwenye ndoo ya rangi kizingitini.
Wiki tatu ilikuwa kijiti tu.
Nilikwisha kuikatia tamaa, nikawa naanikia soksi.

Halafu asubuhi moja mwenye nyumba, Mama Sikudhani,
akasimama na ufagio, akainama:
"We Nakijwa. We Echati. Vyovyote.
Mti wa nani huu unanizibia njia?"

Nikaondoa soksi.
Majani mawili, bado yamekunjamana.
"Tuvumilie, mama," nikamwambia,
"mpaka Machi."