Lita Saba

Mwaka ule bwawa la Hombolo lilirudi nyuma
hadi tukaona visiki tulivyokwisha kuvisahau,
na mimi, mjane wa mwaka wa sita,
nikaanza kujaa maji.

Kwanza ukanda wa gauni ulikataa.
Kisha khanga. Kisha watu.
Bombani walinihesabia miezi kwa vidole
wakimtafuta baba: fundi baiskeli? mwinjilisti?
Wifi yangu Yunge hakuuliza kitu,
ila aliacha kunywa chai kwangu.

Nililala nimekaa, mgongo kwenye gunia la uwele,
maana nikijinyoosha pumzi inakwama hapa,
chini ya titi la kulia,
kama mgeni aliyeketi mlangoni, hataki kupisha.
Mwezi wa tisa ukapita. Wa kumi. Wa kumi na mbili.
Hapo mimba ikageuka uchawi,
uchawi ukageuka saratani,
wakaanza kunisalimu kwa sauti za matanga.

Mjini, Daktari Ndahani, kijana mwenye mwanya,
alinichoma ubavuni, akaunga mrija,
yakatiririka ndooni, ya manjano,
kama maji ya kuoshea uwele.
Lita saba.
Niliona aibu. Nyumbani mbuzi wanalamba mawe.
"Yatarudi," alisema,
"mpaka tumtoe anayeyaita."

Anayeyaita alitoka Alhamisi mchana:
uvimbe wa kifuko cha mayai, mweupe,
mgumu kama kiazi kikuu kibichi,
kilo moja na robo.
Maabara wakaandika: hauna ubaya.
Nikacheka mpaka nyuzi zikanivuta.
Hauna ubaya!
Umenikalia kifuani mwaka mzima,
umeninyima Meza ya Bwana,
kumbe una roho safi.

Ya tumboni yakakauka, na ya kifuani,
yenyewe, bila dawa, bila kuaga.
Gauni la zamani sasa linanipwaya.

Yunge kaja jana. Kaketi, kamimina chai mwenyewe,
kainywa yote, majani mpaka chini,
ndipo akapekua mfukoni:
kofia ya mtoto, ya uzi wa njano,
aliifuma usiku usiku
mwaka jana, mwezi wa saba.
"Nilidhani," akasema, akaishia hapo.

Nimeivika birika.
Inashika joto vizuri.