Jiwe la Masaka

Gari nimelinunua Masaka, kwa mjane aitwaye Nalwoga,
pikapu ya bluu iliyobeba ndizi miaka kumi na mmoja.
Hakuvutana nami kwenye bei. Aliingia ndani, akatoka na jiwe
la ukubwa wa kichwa cha mtoto, akaliweka nyuma ya kiti.
"Breki ya mkono haishiki," akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza.
"Marehemu alizuia na hili."

Mutukula walitaka kila kitu:
kadi, mkataba, picha ya mjane, sahihi ya mwenyekiti wa kwao,
ushuru wa hiki, ushuru wa kile,
na faini ya kuchelewesha ushuru
ambao bado nilikuwa naupangia foleni.
Jiwe hawakuliuliza.

Muleba, Biharamulo, usiku Geita kwa shangazi,
asubuhi daraja la Busisi, ziwa kulia, ziwa kushoto,
na mimi nimekumbatia usukani
naomba trafiki wote wawe wanakunywa chai.

Ofisi ya mapato, dirisha la tatu,
kijana mwenye tai fupi akasema mtandao umelala.
Tukaungoja kama ndugu wa mgonjwa,
kila mtu na bahasha ya kaki mapajani.
Ulipoamka ulinipa namba ya malipo
ndefu kuliko ukoo wangu.

Siku ya ukaguzi nilifika Mabatini saa moja kamili.
Gari nimeliosha mara mbili, tairi nimezipaka kiwi,
pembetatu mpya, mtungi wa moto mpya,
na bado lilinuka dagaa wa Kirumba
(magunia sita tu, usiniulize lini).

Afande Lutobeka hakulikagua, alilisoma.
Alichutama, akalowesha kitambaa, akasugua chasi
mpaka tarakimu zikachungulia kwenye kutu moja moja
kama watoto walioitwa wamwamkie mgeni.
Alizitaja, nami nafuata kwa kidole kwenye karatasi.
Tisa. Tisa. Mbili. Nane.
"Sufuri," nikasema. "Hapa pameandikwa sufuri."
Akanitazama. Akasugua tena.
Tumbo langu lote likahamia kwenye tundu moja la namba.
"Sufuri," akakubali. "Kutu ilikuwa imejifunga mkanda."

Taa, sawa. Honi akaicheka.
Kisha tukapanda mlima wa Bugando, akanisimamisha katikati:
vuta breki ya mkono, ondoa mguu.
Gari likaanza kurudi nyuma, taratibu, bila haya,
kama mtu aliyekumbuka kwao.

Nilifeli. Siku mbili kwa Nkwabi, fundi wa Igoma,
waya mpya, elfu arobaini na tano, matusi bure.
Mara ya pili likasimama,
afande akagonga muhuri juu ya boneti yenye moto.

Sasa namba yake inaanza na T.
Vile vibao vya zamani nimesaini kwamba sividai.
Nilimpigia Nalwoga kumpa habari.
Hakuuliza namba, hakuuliza ushuru.
"Jiwe lipo?"

Lipo, mama. Huku kwetu mawe yamekaliana mabegani
na hakuna aliyewahi kuyadai kadi.
Breki inashika, nimeijaribu hata kwenye mvua.
Lakini usiku nikishaegesha, nikishafunga milango,
narudi na kandambili zangu
nalisukuma kwa mguu mpaka liguse tairi.